Mvua Sitini na Mbili

Simu ya mdogo wangu ilinikuta nikinusa dumu. Kila dumu la maziwa ya ngamia linaloshushwa kwenye gari asubuhi mimi hulinusa kabla ya kulipima, kwa sababu mwanamke wa malishoni akisahau kulifukiza moshi vizuri, maziwa hufika Garissa yameharibika, na wateja watanilaumu mimi wanayeniona, si yeye.

Huyu ni kitinda mimba wetu. Anasomea kazi ya maabara Nairobi, na kawaida yake ni kupiga simu jioni, baada ya magharibi. Nilipoona anapiga saa tatu asubuhi niliogopa kwamba ni ugonjwa.

"Abaayo," aliniita. Ndilo neno letu la dada. "Kaa chini."

"Nimekaa. Kazi yangu ni ya kukaa."

"Hooyo alikuwa na miaka mingapi alipofariki?"

Hooyo ni mama. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miaka mingi. Nilimjibu kwamba alikuwa na thelathini na mmoja. Umri huo niliupata kwa mjomba, aliyezaliwa mwaka mmoja kabla yake na mwenye kitambulisho.

Akasema, "Basi si yeye. Huyu ana sitini na mbili."

Akanieleza. Katika maabara anakofanya mazoezi ya kazi kuna friza zenye damu iliyochukuliwa kwetu mwaka ule wa mafuriko, wakati wa homa iliyoua mifugo na watu. Imekaa humo miaka hii yote. Sasa watafiti wanataka kuipima upya, lakini kamati yao inawataka watafute kwanza familia zinazoweza kupatikana na kuziomba ruhusa. Walimpa yeye daftari la zamani kwa sababu anajua Kisomali na anaweza kupiga simu huku. Katika ukurasa mmoja alikuta jina la mama, la baba yake mama na la babu yake, na mahali petu. Umri tu ndio uliokataa.

"Kwenye kila kisima utapata wanawake watatu wenye jina hilo," nilimwambia. "Usijiumize moyo."

Nikakata simu, nikaendelea kupima. Kwa mteja wa nne, mwalimu kutoka bara ambaye hununua nusu lita kila siku, mkono wangu ulisimama na kikombe hewani.

"Mama, yamekwisha?" aliuliza mwalimu.

"Hayajakwisha."

"Basi mbona umeyashika kama unayaombea dua?"

Wanawake wenzangu wauza maziwa walicheka. Nilimmiminia, nikampigia simu mdogo wangu tena, nikamwambia ni yeye. Ni mama yetu. Kosa la umri lilikuwa langu.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Nilikaa Garissa kwa jamaa ili nisome, na shule ilipofunga nilikwenda malishoni kuwaona wazazi. Mvua ilininasa huko. Maji yalitanda mpaka njia ikapotea, mbu wakawa wengi hadi ukifungua mdomo kusema unamtema mmoja. Kwanza mbuzi walianza kutupa mimba, wote kwa pamoja. Kisha tukaona damu kwenye pua za mifugo. Wazee waliuita ugonjwa huo sandik, kwa sababu ya hiyo damu ya puani. Serikali inauita homa ya Bonde la Ufa.

Baba alichinja fahali aliyekuwa hoi ili nyama isipotee. Mama aliwasaidia mbuzi kwa mikono mitupu, kama alivyofanya maisha yake yote. Wote wawili walishikwa na homa wiki ileile. Baba alitokwa na damu na akafariki kabla msaada haujafika. Mama alipona, au sote tulidhani amepona. Homa ilishuka, akaanza kukaa, akaomba chai.

Ndipo helikopta ikatua. Walishuka watu wenye glavu na makoti meupe, wakafunga turubai kwenye miti miwili ya mgunga na kuanza kutoa watu damu. Muuguzi hakujua Kisomali, na hapo mwenye Kiswahili nilikuwa mimi tu, mtoto wa shule. Nilisimama kati yake na mama, mdogo wangu mchanga nimembeba mgongoni, nikitafsiri. Jina, sawa. Mahali, sawa. Kisha muuguzi akauliza umri.

Mama alicheka. "Nani alinihesabia? Mimi nazijua mvua nilizopitia, miaka siijui. Wewe uliyesoma, hesabu."

Basi akaanza kuzitaja. Kwetu kila msimu una jina lake, na mama alizijua zote kutoka ile aliyozaliwa, kwa sababu mama yake alimfundisha. Alitaja mvua iliyokuja na upepo. Akataja mvua iliyonyesha ng'ambo tu, upande wetu ukabaki mkavu. Kulikuwa na mvua ya kupe, na mvua ambayo ngamia mmoja alizaa pacha na watu wakaja kutoka mbali kumtazama. Mvua ya harusi yake. Mvua yangu mimi: "Hiyo ilikuwa na ngurumo nyingi, na wewe ulilia kuishinda." Kwa kila mvua niliweka kijiwe kwenye upindo wa shuka. Muuguzi alisubiri. Nadhani alikuwa amechoka, akafurahi kupumzisha mikono.

Vijiwe vilikuwa sitini na viwili. Nikasema sitini na mbili, na muuguzi akaandika.

Mtoto aliyekulia malishoni asingekosea hivyo. Kwetu mwaka una mvua mbili, gu iliyo kubwa na deyr iliyo fupi, na umri wa mtu huhesabiwa kwa gu peke yake. Mama alizitaja zote kwa sababu zote zilikuwa zake. Mimi niliyejua miezi kumi na miwili ya ukutani darasani sikujua kwamba kila mwaka nilikuwa nikiuweka mara mbili. Muuguzi naye aliona mwanamke aliyekonda kwa homa, ngozi imekauka, na namba hiyo haikumshangaza.

Siku chache baadaye mama alianza kulalamika kwamba macho yana ukungu. Akasahau jina la kaka yangu. Akalala, na hakuamka. Tulimzika haraka kwenye mwinuko karibu na mto, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na maji. Mafuriko mengine yaliyokuja miaka ya baadaye yalikula ukingo ule. Nilikwenda mara mbili na kaka yangu kuutafuta, tukasimama tukitazama mto ukipita mahali palipokuwa na nchi kavu. Picha yake hatuna. Kitambulisho hakuwahi kuchukua. Shule sikurudi.

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyokuwa baada ya simu ile. Niliambiwa kwamba katika jiji ambalo mama hakuwahi kulikanyaga, ndani ya friza yenye baridi isiyofanana na baridi yoyote tunayoijua huku, kuna kichupa chenye urefu wa kiungo cha kidole, na ndani yake kuna kitu cha mama. Nilishindwa kula. Nilipokuwa nikiosha madumu nilijikuta namuuliza kimoyomoyo kama huko hasikii baridi, na nilijua ni upuuzi, na nikaendelea kuuliza.

Afisa wa utafiti alinipigia mwenyewe siku ya pili, kijana mwenye adabu, Kiswahili chake cha Nairobi. Kosa la umri lilimgusa kuliko nilivyotarajia. Alisema kichupa kile kilikuwa kimewashangaza kwa muda mrefu: mwanamke mzee, tena dhaifu, mwenye kingamwili kali kuliko karibu kila mtu kwenye daftari. Kingamwili, alinieleza, ni askari ambao mwili hujitengenezea baada ya kumjua adui. Zamani tone la damu liliweza kujibu swali moja tu, kama mtu ana ugonjwa au hana. Sasa kuna mashine zinazoweza kutumia tone hilohilo kuonyesha kila askari anakikamata kirusi sehemu gani, shingoni au mkiani. Chanjo ya mifugo ipo tangu zamani, lakini ya binadamu bado iko kwenye majaribio, na wanataka kulinganisha: je, chanjo inamfundisha mtu kupigana kama alivyopigana huyu mama?

"Alipigana akashindwa," nilisema.

"Damuni alishinda, dada. Tunadhani kirusi kilikuwa kimeshapita kwenye ubongo. Hilo nalo ndilo tunalolitafuta."

Nilimuuliza kama naweza kupewa kichupa hicho. Alisema haiwezekani, kwa sababu ya ugonjwa, na pia kwa sababu kikitoka kwenye baridi kitaharibika kabla sijafika Mwingi, hata nusu ya njia ya kurudi. Hilo nililielewa. Nimeuza maziwa miaka mingi, najua kitu kinachokufa njiani.

"Basi kiacheni humo."

"Tunaweza kukiacha. Ukikataa, hakitaguswa. Lakini lazima nikwambie ukweli: kilichobaki ni kidogo. Tukikitumia, kitakwisha chote."

Nikasema nitawauliza wenzangu. Moyoni nilikuwa nimeshajibu. Nilitaka kibaki. Nilitaka niwe nikifunga duka la maziwa adhuhuri na kujua kwamba mama yuko mahali fulani, ana rafu yake na namba yake, hakuna mto unaoweza kumfikia.

Wenzangu ni wawili. Kaka yangu anayenifuata hufanya biashara ya mbuzi Habaswein, mdogo wetu yuko Nairobi. Tulikubaliana tukutane kwangu, mtaa wa Iftin, siku mdogo atakapokuja kwa likizo. Kaka alifika akiwa ameshamuuliza sheikh mmoja huko kama damu ya maiti ni lazima izikwe. Sheikh alimjibu kwamba damu iliyotolewa mtu akiwa hai haina hukumu ya maiti, na kwamba ikiwa ina manufaa kwa watu, ni jambo la heri.

"Lakini aliniuliza ni kiasi gani," kaka alisema, akivua viatu mlangoni. "Nikamwonyesha kiungo cha kidole. Akasema, kwa hicho ndio umekuja na gari kutoka sokoni?"

Alicheka peke yake. Nilimpa chai. Yeye alikuwa na miaka minane wakati ule, na ndiye ambaye mama alisahau jina lake. Huwa anafanya mzaha mambo yakimkaribia.

Mdogo wetu alikaa mkekani, miguu amekunja, begi lake la vitabu pembeni. Alitoa fomu tatu, ya Kisomali, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akaziweka mbele yangu. Mimi ndiye mkubwa. Mwenye kutia sahihi nilikuwa mimi.

"Nimeamua kibaki," nilisema.

Kaka alitazama chai yake. Mdogo alisema, "Kibaki kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yetu. Ndicho kilichobaki."

"Kwako ndicho kilichobaki," alisema. "Kwangu ndicho cha kwanza."

Sikumwelewa. Aliendelea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejiandaa njia nzima kutoka Nairobi.

"Wewe unajua alivyocheka. Kaka anajua alivyopika uji. Mimi nilikuwa mgongoni mwako, sijui chochote. Wakinisifu kwamba nina mikono yake lazima niwaamini tu. Nilipoanza kusema nilikuita hooyo, unakumbuka?"

Nakumbuka. Alikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Aliniita hooyo mbele ya wanawake wa kisima na wao wakatabasamu, wakasema muache mtoto. Sikumwacha. Nilichuchumaa nikamshika mashavu, nikamwambia mimi ni abaayo, hooyo ni mwingine. Kila aliponiita hivyo nilimrekebisha, mpaka akazoea. Nilidhani namtunzia mama nafasi yake.

"Ulinikataza," alisema. "Ulisema jina hilo lina mwenyewe. Nimekaa nalo miaka yote hii, sijui nimwite nani. Sasa nimempata, abaayo. Yuko kwenye friza niliyoifungua kwa mikono yangu, na unataka nifunge mlango niendelee kusoma namba yake kwenye kibandiko."

"Ukimtumia atakwisha."

"Atakwisha mimi nikiwa nimemjua. Nitajua mwili wake ulifanya nini siku kwa siku. Hakuna hata mmoja wenu anayelijua hilo."

Kaka aliniambia, bila kuinua uso, "Muulize pia itakuwaje mvua kubwa ikija tena."

Ilikuwa zamu ya mdogo wetu kueleza, akaeleza. Mwaka huu kuna kitu alichokisoma kilichomkosesha raha. Mbu wale hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yetu, na mayai hukaa humo makavu miaka mingi, yakiwa na kirusi ndani, yakisubiri maji. Mvua kubwa ikifika, yanaanguliwa. Kwa hiyo kilichomuua mama hakikuondoka. Kiko hapo chini tunapopita na mbuzi, kinangoja. "Watoto wa kaka wanalala malishoni Habaswein," alisema. "Mimi sisemi kichupa kimoja kitawaokoa. Nasema ni kimoja kati ya vichache vilivyopo."

Nje, jirani alikuwa akimkemea mbuzi aliyeingia kwake.

Ningependa kuandika kwamba ni hao watoto wa kaka walionigeuza. Wengine watapenda kusikia hivyo, na ni sababu nzuri. Lakini nilichokuwa nikikitazama ni mikono ya mdogo wangu juu ya zile fomu. Kwa kweli ni ya mama. Vidole virefu, kidole cha mwisho kimepinda ndani. Nilikuwa nimeiona tangu alipokuwa mchanga, nimeiosha, nimeipaka hina siku za Idi, nikitamani mama arudi, na sikuwahi kumweleza mdogo wangu jinsi ya kuitazama. Mwaka huu nimefikia umri wa mama. Muda wote huo nilikuwa mlinzi mzuri sana mlangoni, na nikasahau kumruhusu mtoto wake aingie.

Nilichukua fomu ya Kiswahili, nikaisoma yote polepole, kwa sababu mtu aliyeacha shule darasa la sita hasaini asichokisoma. Mahali pa umri wa mwenye sampuli palikuwa na sitini na mbili. Nikakata, nikaandika thelathini na moja. Nikatia sahihi. Kisha nilimwambia mdogo wangu aweke begi kando, na mpaka adhana ya alasiri nilimtajia mvua za mama, zile ninazozikumbuka, na yeye akaziandika moja moja, akinisimamisha kuuliza. Ile ya kupe ilikuwa kabla au baada ya ile ya upepo? Harusi ilikuwa gu au deyr? Mengine sikuyajua. Kaka naye alikumbuka mbili ambazo mimi nilizisahau, na alijivuna nazo mpaka jioni.

Walikitoa kichupa mwezi uliofuata. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa na foleni ya wateja, na safari hii aliongea kwa kunong'ona.

"Kiko mbele yangu, abaayo. Kinayeyuka. Nimeruhusiwa kukitazama tu, wengine ndio watakaokifungua."

"Kina rangi gani?"

"Si nyekundu. Hii ni sehemu ya juu ya damu, ile nyepesi. Kina rangi ya samli ikiwa juani."

Tangu simu ya kwanza nilikuwa nikiwaza nyekundu.

"Nifanye nini?" aliniuliza. Hakuwa akiuliza habari za maabara. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Kwetu mtu akifika kaburini huanza na salamu. Mimi sikupata kumfundisha, hatukuwa na kaburi la kumpeleka. "Msalimie," nilimwambia. "Mtolee salamu, kisha jitambulishe. Mwambie wewe ni wa mvua gani."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine, na mtu mmoja akisoma namba kwa sauti. Kisha mdogo wangu akasema asalaam aleikum, taratibu, na baada yake akalisema neno ambalo nilimkataza utotoni, akamwita nalo mwenyewe.

Mwalimu wa nusu lita alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliinua chupa yake, akaniona uso, akaishusha. Nilibaki na simu sikioni mpaka mtu huko akamwita mdogo wangu aje kushika daftari, na laini ikakatika.